Gunia Lenye Alama ya Mwenyeji

  

Nataka tuanzie kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, alfajiri. Boti za vijiji vya kaskazini zimefika, na magunia ya dagaa yanashushwa. Makuli wanaingia majini hadi mapajani, wanapokea, wanabeba, wanapanga. Kila gunia lina alama: herufi mbili za rangi nyekundu, msalaba wa bluu, kitambaa cha kijani kilichofungwa shingoni. Kuli hafungui gunia kutazama kilichomo. Anasoma alama tu. Ikiwa ni ya mfanyabiashara anayemjua, gunia linakwenda moja kwa moja kwenye rundo lake, na pengine kesho kutwa liko ndani ya behewa linaelekea Dar es Salaam. Mwalo mzima unaendeshwa kwa kuaminiana namna hiyo, na usingeweza kuendeshwa kwa njia nyingine, kwa kuwa hakuna muda wa kufungua kila mzigo.

Lishike gunia hilo akilini. Tutalirudia tukishafika ndani ya mwili wa mtu, ambako kuna mwalo wa namna hii, nao una mgeni aliyejifunza kuchora alama za mwenyeji.

Kutoka hapohapo Kibirizi ndiko boti za kwenda Hifadhi ya Gombe huondokea. Ni kilomita 16 hivi kuelekea kaskazini, milima ikiwa kulia kwako na Ziwa Tanganyika kushoto. Mwaka 1966 polio ilizuka kwa watu wa wilaya ya Kigoma, na haukupita muda mrefu, sokwe wa Gombe nao wakaanza kuburuta miguu. Mtafiti Jane Goodall alikuwa amefika huko Julai 1960, na kufikia wakati ule alikuwa akiwajua sokwe wake kwa sura, kwa tabia na kwa majina. Kwa hiyo msiba ule haukupita bila shahidi. Alieleza jinsi alivyomwona mtoto mchanga wa sokwe jike aliyeitwa Olly, viungo vyake vikining'inia bila nguvu mikononi mwa mama yake. Hata wakubwa hawakupona. Mmoja mkono ulimpooza, mwingine miguu.

Kati ya habari zote za mwaka ule, iliyonikaa moyoni ni ya sokwe mzee aliyepewa jina la McGregor. Miguu yote miwili ilipooza, akawa anajikokota kwa mikono, nzi wamemzingira. Siku moja alijivuta kwa taabu hadi penye wenzake waliokuwa wakichambuana manyoya mtini, akanyoosha mkono kuwasalimu, nao wakamwondokea, wakamwacha peke yake. Ni dume mmoja tu, Humphrey, aliyeendelea kukaa karibu naye. Mwishowe watafiti waliona hakuna la kumfanyia isipokuwa kuyafupisha mateso yake. Sokwe sita walipoteza maisha katika mlipuko ule, na wengine wakabaki na kilema. Maabara ya Pfizer jijini Nairobi ilitoa chanjo ya matone, ikadondoshwa ndani ya ndizi ambazo sokwe walikuwa wamezizoea kambini. Ndivyo chanjo ilivyoingia msituni.

Nimefundisha biolojia kwa miaka mingi, na kila nilipofika kwenye somo la virusi nilianza na ndizi zile. Wanafunzi waliinua vichwa. Swali lao lilikuwa moja siku zote: ugonjwa wa watu ulimwingiaje sokwe? Jibu ni kwamba kirusi cha polio hakijui mtu wala mnyama. Kinachokijua ni kitasa. Juu ya seli zetu kuna protini iitwayo CD155, ambayo ina kazi zake halali, na kirusi kina umbo linalokaa juu ya protini hiyo kama ufunguo ndani ya kitasa. Sokwe ana protini inayofanana sana na yetu, ilhali ya panya wa kawaida imetofautiana mno, ndiyo maana polio haikuwatembeza panya wa Ujiji kwa magongo. Kwa macho ya kirusi, mimi, wewe na McGregor tulikuwa nyumba zenye mlango mmoja.

Lakini mlango ni mwanzo tu. Jambo kubwa zaidi linatokea baada ya mgeni kuingia.

Fikiria udogo wake kwanza. Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi. Ukivipanga mstarini kimoja baada ya kingine, unahitaji zaidi ya 30,000 kujaza milimita moja. Ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi 7,500 hivi, maelezo ambayo ukiyaandika kwa mkono yanakwisha ndani ya kurasa chache za daftari la shule. Basi. Hakina jiko wala ghala, hakina pa kutengenezea nguvu. Hakiwezi hata kujenga ukuta. Na bado, kikiingia kwenye seli moja ya utumbo, katika muda wa saa nane hivi seli hiyo inakuwa imetengeneza maelfu ya virusi vipya. Kimetumia mali ya nani?

Mwaka 1965, mwaka mmoja tu kabla ya msiba wa Gombe, watafiti wanne, Dales, Eggers, Tamm na Palade, walichapisha picha za hadubini ya elektroni za seli zilizoambukizwa polio. Katika seli yenye afya ungetarajia kuona kila kitu mahali pake. Katika seli zile waliona vifuko. Seli imejaa vifuko vidogo vya mviringo vyenye tando, vimesongamana kama povu la sabuni kwenye beseni. Vifuko hivyo viliwakumbusha kitu ambacho sayansi ilikuwa ndiyo kwanza imekipa jina: otofajia, tabia ya seli kujila yenyewe. Jina hilo lilitolewa mwaka 1963 na Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana hiyo hiyo, kujila. Baada ya hapo picha zile zilikaa kwenye makabati kwa miongo kadhaa. Watu waliziona, wakatikisa vichwa, wakaendelea na mengine.

Kujila ni neno la kutisha, najua. Nilipomweleza bibi mmoja jirani yangu, aliweka chini ungo wake akaniuliza, "Mwanangu, mwili unaojila si mwili unaokufa huo?"

"Hapana, bibi," nikamwambia. "Mwili usiojila ndio unaokufa."

Akanitazama kama mtu anayesubiri kudanganywa. Basi nikamwelekeza kwenye benchi alilokalia. Lilikuwa la mbao za mtumbwi. Pale Ujiji mtumbwi ukioza ubavu hautupwi. Mbao nzima huwa benchi au mlango, zilizochakaa huwa kibanda cha kuku, na zilizooza kabisa huingia jikoni zikachemsha maharage. Seli hufanya hivyohivyo kila siku. Protini iliyopinda na kuharibika, kiwanda cha nguvu kilichochakaa, hata bakteria aliyepenya, vyote vinatakiwa kuondolewa. Seli huanza kufuma utando mwembamba, utando unajikunja kama kiganja kinachochota maji, unazunguka taka mpaka kingo zake zinakutana. Sasa kuna kifuko chenye kuta mbili, taka imo ndani. Kifuko kinasafirishwa hadi kwenye chombo kingine kiitwacho lisosomu, ambacho ndani yake mna tindikali na vimeng'enya vikali. Vinaungana, taka inavunjwa, na vipande vinavyopatikana vinarudishwa kujengea vitu vipya. Seli ikikosa chakula, kazi hii huongezeka, maana ndipo mbao kuukuu zinapohitajika kuliko wakati wowote.

Aliyetufungulia mlango wa kuielewa kazi hii ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, na chombo chake kilikuwa hamira. Ndiyo, hamira, ya ukoo uleule wa inayoumua maandazi yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alichukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuvunjia taka, akazinyima chakula, akatazama kwa hadubini. Ndani ya saa chache, mapipa yao ya taka yalijaa vifuko ambavyo havikuweza kuvunjwa. Kile ambacho kwa kawaida hupita upesi kisionekane, sasa kilisimama mbele ya macho yake. Kutoka hapo alizitafuta jeni zinazoendesha kazi hiyo, moja baada ya moja, na jeni hizo zikaonekana kuwa na ndugu zao ndani ya miili yetu. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hapa niingize neno kwa wale wanaopokea ujumbe wa simu kila Ramadhani ikikaribia, kwamba mwanasayansi wa Kijapani amethibitisha kuwa funga inaponya saratani na kila ugonjwa. Ohsumi alichunguza hamira, na hakuna popote aliposema hayo. Funga ni ibada, ina heshima yake kamili bila kupewa kazi ya dawa. Mzee mwenye kisukari anayeacha vidonge vyake kwa sababu ya ujumbe kama huo anaweza kupoteza maisha, na nimeshaona familia ikilia kwa jambo hilo.

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Tumeona kwamba kila seli ina wafagiaji wake, wanaokamata taka na wavamizi na kuwapeleka kwenye tindikali. Mtu angetarajia kirusi kikimbie wafagiaji hao kama mwizi anavyokimbia sungusungu. Virusi vingine hukimbia kweli. Cha polio kinawaita.

Mwaka 2005, katika maabara ya Karla Kirkegaard, Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, William Jackson na wenzake walionyesha kwamba vifuko vile vya mwaka 1965 vina alama zilezile za vifuko vya kujila. Wakaonyesha na jambo la kushangaza zaidi. Walipoichochea otofajia, virusi viliongezeka. Walipoizuia, virusi vilipungua. Mgeni alikuwa ananeemeka kwa kazi ya ufagiaji. Kwa protini zake mbili tu, ziitwazo 2BC na 3A, kirusi kinaweza kuilazimisha seli kuanza kufuma vifuko hivyo. Baadaye ilikuja kuonekana kuwa hakihitaji hata kusubiri ile ishara ya njaa ambayo kwa kawaida ndiyo huwaamsha wafagiaji. Kinapitia mlango wa uani.

Faida anayoipata ni nini? Kumbuka nilisema kirusi hakiwezi kujenga ukuta. Lakini kunakili RNA katikati ya seli iliyo wazi ni sawa na kuanika dagaa mvua ikinyesha. Kirusi kinahitaji pa kutandazia kazi yake, mahali ambapo vitu vyote vimekusanyika na walinzi wa seli hawavioni vipande vya RNA vikizagaa. Tando zilizopangwa upya na kirusi ndizo vichanja vyake. Ni mali ya seli, zimejengwa kwa mafuta ya seli na kwa nguvu za seli, ila zinaanika mzigo wa mtu mwingine.

Kisha kuna ile tindikali. Hili nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Vifuko vya taka huanza kuwa vichachu vinapokaribia safari yao ya mwisho, na uchachu huo umekusudiwa kuwa mwanzo wa maangamizi. Mwaka 2012 Jackson, akiwa na mtafiti mwenzake, alieleza kwamba kirusi cha polio kinautumia uchachu huo kujikamilisha. Ganda la kirusi kipya huwa bado halijaiva. Moja ya protini zake lazima ikatike vipande viwili ndipo kiweze kuambukiza, na mazingira ya uchachu ndani ya kifuko yanasaidia ukataji huo. Tanuri lililowashwa kuchoma taka likawa tanuri la kuivisha matofali ya adui.

Na sasa gunia. Vitabu tulivyosomea sisi vilisema kirusi cha polio kina njia moja ya kutoka: seli inapasuka na kufa, virusi vinamwagika. Hiyo ipo. Lakini mwaka 2014 na 2015 kazi mbili tofauti, moja ya maabara ileile ya Kirkegaard na nyingine ya Nihal Altan-Bonnet na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilionyesha njia ya pili, ya kimyakimya. Virusi vinakusanywa vingi kwa pamoja ndani ya kifuko cha kujila, kifuko kinakwenda hadi ukingoni mwa seli na kutoka nje kikiwa kizima, na seli haijapasuka. Ni gunia la virusi, limeshushwa mwaloni.

Juu ya gunia kuna alama. Utando wake una mafuta yaitwayo fosfatidilserini. Katika seli yenye afya mafuta hayo hukaa upande wa ndani, hayaonekani nje. Seli inapokufa ndipo yanapojitokeza, na kwa majirani maana yake ni moja: hiki ni chetu, kimekwisha kazi, kichukueni mkile. Ndiyo alama ya mwenyeji. Seli ya jirani inaisoma kama kuli wa Kibirizi anavyosoma herufi za rangi, inalipokea gunia na kuliingiza ndani bila kulifungua. Ndani hamna taka. Mna kundi zima la virusi lililofika kwa safari moja. Na kundi lina nguvu kuliko mmoja, kwa sababu RNA ya polio hunakiliwa kwa makosa mengi. Kirusi chenye kasoro kikifika peke yake kinashindwa, ila vikifika vingi pamoja, pengo la hiki linazibwa na kile.

Nikiliwaza jambo hili huwa najisikia heshima na hofu kwa pamoja. Hakuna akili mle. Hakuna aliyekaa akapanga. Ni miaka isiyohesabika ya makosa ya kunakili, na yale machache yaliyofaa ndiyo yaliyobaki. Hata hivyo, matokeo yake ni mgeni anayejua desturi za nyumba yetu kwa undani kuliko sisi tuliozaliwa humo.

Si polio peke yake. Kirusi cha homa ya dengue, kama walivyoonyesha Heaton na Randall mwaka 2010, huilazimisha seli kujila akiba yake ya mafuta ili kipate nguvu za kuzaliana. Chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka kwenye Kimakonde na uliotambuliwa kusini mwa nchi yetu hii mwaka 1952, una habari ya pande mbili: sehemu moja ya mtambo wa kujila inakivunja kirusi, na sehemu nyingine, kwenye seli za binadamu, inakisaidia. Na kuna virusi ambavyo otofajia huvizuia visiue seli za ubongo. Kwa hiyo mtu akikuambia otofajia ni rafiki, au ni adui, mwambie ni fagio. Swali ni nani amelishika.

Hilo ndilo linalofanya dawa ya polio iwe ngumu. Mpaka leo mtoto aliyekwisha kupooza hakuna kidonge cha kumrudishia mguu. Bakteria ana mitambo yake, tofauti na yetu, na antibayotiki humpiga hapo. Lakini kirusi kinachofanya kazi kwa vyombo vyetu, ukikipiga unavunja vyombo vyetu. Ukisimamisha otofajia mwili mzima ili kukinyima vifuko, umewasimamisha wafagiaji wa ubongo, wa ini na wa moyo. Watafiti wanaendelea kutafuta mahali pembamba pa kukata, na wanastahili kuombewa heri. Sisi wa huku ziwani tunalazimika kukizuia kabla hakijafika kwenye kitasa.

Na ziwa hili halina pazia. Uvira, Kalemie, Bujumbura, Kasanga, Kigoma: tunakunywa bakuli moja. Mwezi Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa kwenye ufuko wa Kagunga, meli kongwe ya Liemba ikawa inawavusha kuja Kigoma, na kipindupindu kikawa kimekwisha kuingia kati yao. Polio hupita njia hiyo hiyo ya choo na kinywa. Watu wengi wanaokibeba kirusi chake hawaumwi kabisa. Ni maambukizo kama 1 tu kati ya 200 yanayoishia kwenye kupooza. Maana yake, ukimwona mtoto mmoja amepooza, wamekwishapita mamia waliokuwa wanacheza mpira.

Tanzania ilikuwa na mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa hivyo. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto aliyepoozwa na kirusi ambacho asili yake ni Pakistani. Machi 2023 ikawa Burundi, na majimbo ya Tanganyika na Kivu Kusini ya Kongo, yaani ng'ambo yetu kabisa. Mwaka huohuo ikawa mtoto wa mkoani Rukwa, upande wetu huu wa ziwa.

Virusi vya 2023 vilikuwa vya namna nyingine, na nataka niliseme hili waziwazi kwa sababu uvumi hukua penye kificho. Vilitokana na chanjo ya matone. Chanjo ya matone ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akiipata, kirusi hicho hupita tumboni mwake, huufundisha mwili wake, kisha hutoka chooni. Katika kijiji ambacho karibu watoto wote wamechanjwa hakina pa kwenda, kinakufa. Katika kijiji ambacho watoto wengi hawajachanjwa, na vyoo ni vichache, kinatoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule, mwezi hadi mwezi, na kila kinaponakiliwa kinakosea kidogo, mpaka siku moja makosa yanakirudishia ukali. Kwa hiyo kinachowapoozesha watoto ni mapengo kati yao, wale walioachwa. Dawa yake, kwa namna inayoweza kuonekana ya ajabu, ni kuwachanja waliobaki, upesi, wote.

Ndiyo maana Septemba 2023 wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Kigoma, Kagera, Katavi, Rukwa, Songwe na Mbeya, wakiwapa matone watoto wenye umri chini ya miaka minane. Niliwaona wakishuka mwaloni na mabegani wamening'iniza makasha ya barafu. Waliwasubiri watoto wa wavuvi, ambao ndio huachwa siku zote kwa sababu leo wako kambi hii na kesho kambi ile. Mama mmoja alikuwa ameshuka kwenye boti na watoto watatu, amechoka, anataka kuwahi kwenda zake. Mhudumu, binti mdogo tu, akampigia goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Nisaidie dakika mbili kwa watoto wako hawa."

"Marahaba. Walishapewa hao."

"Wapi, mama?"

"Kliniki, walipozaliwa."

"Hongera, mama, ulifanya vizuri sana. Hii ni nyongeza, ya aina nyingine. Nitawapaka wino kidoleni, na huko mbele hakuna atakayekusumbua tena."

Yule mama akatua mzigo wake. Matone mawili, matone mawili, matone mawili. Mdogo wao alikunja uso, kisha akakitazama kidole chake kidogo chenye wino kama mtu aliyevishwa pete.

Kuna kitu kimoja nilichobakiza, nacho ni cha Gombe. Katika sokwe waliopoozwa mwaka 1966 alikuwamo Faben, mtoto wa Flo, jike aliyejulikana kuliko wote pale. Mkono wake mmoja ulikufa. Kirusi chenyewe kilikaa mwilini mwake kwa wiki chache tu, kisha kinga yake ikakimaliza. Lakini seli za neva zilizokuwa zikiuendesha mkono ule zilikwisha kufa, na seli za namna hiyo hazioti tena. Kwa kuwa hakuweza kuutegemea mkono, Faben alizoea kutembea kwa miguu miwili, wima kama mtu, masafa marefu kuliko sokwe wengine. Mdogo wake, Figan, alipoanza kuwania ukubwa wa kundi katika miaka ya 1970, Faben ndiye aliyekuwa ubavuni mwake. Walimkimbiza mpinzani pamoja, mmoja kwa miguu minne, mwingine kwa miwili, mkono mmoja ukining'inia na kuyumba kila alipopiga hatua.